Alama za Elivina

Saa tatu kamili asubuhi ya Ijumaa, Mtahini aliwatahini wanafunzi wote sabini na mmoja wa Shule ya Sekondari ya Kata ya Nghoje kwa muda ambao Mwalimu Skolastika Mbijima alitumia kupiga chafya moja na kutafuta leso. Masomo tisa, maswali elfu nne kwa kila mtoto, na hakuna kalamu iliyoguswa. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa bwaloni wakipiga miayo, wengine wakichokonoa vumbi kwenye kucha. Kisha ukuta wa mbele ukawaka na namba ikatokea: wastani wa shule, arobaini na tano nukta moja.

"Tumevuka," akanong'ona Mwalimu Mkuu Masinga, akakaa chini kama mtu aliyetua gunia.

Miaka hiyo mitihani haikufanywa tena na watoto. Ilifanywa na vivuli vyao. Kila mtoto alipoanza shule alipewa kivuli, yaani akili ya mashine iliyokaa ndani ya kishikwambi chake ikimtazama anavyosoma: wapi anakosea, wapi anasita, anavyofuta na kuanza upya. Baada ya mwaka mmoja kivuli kilimjua mtoto kuliko mama yake anavyomjua. Ndivyo walivyosema wataalamu, na wataalamu hawana haya. Mtahini, mashine kubwa iliyokaa katikati ya jiji la Dodoma, kila Ijumaa alivihoji vivuli badala ya watoto. Hakuna tena kuibia mtihani, hakuna mtoto kuzimia kwa woga, hakuna mwalimu kukesha akisahihisha. Jamani, nani angekataa?

Lakini Mtahini alikuwa na masharti. Shule iliyopata wastani chini ya arobaini na tano kwa mihula mitatu mfululizo ilifutwa. Wanafunzi wake waligawanywa kwenye Vituo vya Mikono, huko mbali, kila mtoto kituo chake, wafundishwe kuhudumia mashine kwa sababu vitabu, ilisemekana, havikuwa vyao. Mtu na mdogo wake wangeweza kupelekwa pande mbili za nchi wasionane miaka minne. Nghoje ilikuwa imeanguka mihula miwili. Ijumaa ijayo ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kufunga muhula wa tatu, ile inayohesabika.

Na Nghoje ingewezaje kushindana? Shule za katikati ya jiji, zenye majengo yanayojipoza yenyewe, zilichagua watoto kwa kuangalia vivuli vyao kwanza. Nghoje ilikuwa shule ya serikali pembeni ya mashamba ya paneli za jua, na ilipokea aliyekuja. Watoto ishirini na tisa walikuwa wa familia za Pwani ambazo bahari ilikula nyumba zao. Kumi na wanane walikuwa wa wafugaji ambao ng'ombe wao waliishia kwenye ukame. Kumi na wanne walikuwa Wagogo wenyeji wa hapo hapo. Kumi waliobaki walikuwa wametemwa na shule za mjini, wakaja na mabegi mazuri na macho ya kuogopa. Zaidi ya nusu yao walianza siku kwa kufuta vumbi kwenye paneli pamoja na wazazi wao kabla jua halijawa kali, ndipo waje darasani. Walimu walikuwa wanne tu, ukimhesabu na mkuu.

Mwalimu Skolastika ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma. Watoto walipotoka, alibaki akasogeza orodha ukutani kwa kidole. Alitaka kuona majina, ingawa alijua jina gani lingekuwa juu.

Wa kwanza: Elivina Ndahani, kidato cha nne, tisini na moja.

Alifanya hesabu kichwani, hesabu ile ile aliyokuwa akiifanya kila Ijumaa. Ukiitoa tisini na moja ya Elivina, shule inashuka hadi arobaini na nne nukta nne. Akazima ukuta haraka.

Elivina alikuwa amezikwa siku arobaini na moja zilizopita.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku tatu. Shule nzima ilikwenda kuzika. Jumatatu yake asubuhi majina yaliitwa bwaloni kama kawaida. Sasa, Nghoje ilikuwa na utaratibu wake: kwa kuwa wengi walichelewa kwenye paneli, anayekaa dawati moja na mwenzake aliruhusiwa kumwitikia, maana ndiye anayejua yuko wapi. Sikio, kile kidude cha darini kilichoandika mahudhurio, kiliwekwa na mkuu mwenyewe kikubali hivyo. Basi Skolastika aliita majina asubuhi ile macho yakiwa yamevimba, akalifikia jina la Elivina na kwa mazoea tu akalitamka. Alipogundua alichofanya alitaka ardhi immeze. Kabla hajasema lolote, Zawena Shebughe, mtoto wa watu wa Pwani aliyekaa na Elivina dawati moja tangu kidato cha kwanza, akasema kwa sauti, "Yupo!" Halafu bwalo zima likaitikia kwa kilio, "Yupo! Yupo!"

Sikio likaandika kwamba yupo, na kivuli cha aliyeandikwa yupo Mtahini alikihoji kama vya wengine. Skolastika aliliona kosa jioni ile akasema atalirekebisha kesho. Kesho yake Zawena akaitikia tena. Ijumaa ikaja, wastani ukatoka, na mkuu akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Usiguse kitu, dada," alimwambia. "Mungu ametusitiri."

Tangu hapo hakuna aliyegusa kitu.

*

Jumatano mchana Mama Elivina akaja shuleni. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye paneli, kitambaa cha kufutia bado kipo begani. Skolastika alimwona akiingia getini. Amejua, alijiambia. Leo ndiyo leo.

"Karibu, mama. Pole na kazi."

"Ahsante, mwalimu. Sikai sana." Akatoa simu yake, akaifungua, akamwonesha. "Mimi nauliza tu. Hii kitu inakuja kila Ijumaa. Nisomee wewe, labda mimi naona vibaya."

Skolastika akasoma. *Mzazi mpendwa, hongera. Elivina amepanda alama mbili wiki hii. Anaonekana kuchoka kidogo: tafadhali hakikisha anapata maziwa na usingizi wa kutosha.*

"Mama, ni mashine tu. Nisamehe. Nilipaswa..."

"Sikuja kugomba." Mama Elivina aliirudisha simu mfukoni taratibu. "Ya kwanza ilipokuja nilimnunulia maziwa, nikayaweka mezani, nikayatazama mpaka yakaganda. Nikasema, wewe mwanamke unarukwa na akili. Sasa nimezoea. Lakini hii imesema amepanda. Mwalimu, mtu aliyelala kaburini anapandaje? Nani anamsomea mwanangu?"

Skolastika ndiye aliyefunzwa mambo ya vivuli, yeye ndiye aliyepaswa kuuliza swali hilo wiki sita zilizopita. Kivuli hulishwa kila siku na kazi ya mwenyewe. Kisipolishwa hunyauka, alama mbili tatu kila wiki. Cha Elivina kilipaswa kuwa kimeshuka mpaka sabini na kitu. Alikuwa amekiona kimesimama, Ijumaa baada ya Ijumaa, na hakutaka kujua kwa nini. Hilo alilikiri moyoni pale pale, mama wa watu akiwa amesimama mbele yake anasubiri.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Nitakuambia."

Mama Elivina alipoondoka, Skolastika alifungua kabati la vishikwambi. Cha Elivina kilikuwa na chaji kamili. Ndani yake mlikuwa na mazoezi ya wiki sita: hesabu, fizikia, insha ya kurasa tatu kuhusu mmomonyoko wa udongo. Mwandiko wa kidole ulikuwa unabadilika badilika mwanzoni, watoto sita au saba tofauti, halafu baada ya wiki ya pili ukawa mmoja tu. Herufi zimelalia kushoto. Aliujua mwandiko ule. Alikuwa ameuhimiza unyooke kwa miaka minne.

Akafungua alama za Zawena. Kabla ya msiba: hamsini na tatu. Sasa: thelathini na moja.

Alimkuta nyuma ya bwalo amekaa juu ya ndoo, kichwa kimeegemea ukuta. Msichana alisimama haraka, akayumba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Zawena, unamwandikia Elivina?"

Zawena alitazama chini. Hakuona haja ya kukana.

"Mwanzoni tulipeana zamu. Kila mtu alitoa jibu lake zuri kuliko yote tukampa yeye, ili asishuke. Halafu wenzangu wakachoka. Wengine waliona vibaya."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyesema yupo, mwalimu. Asipoandika si watajua?"

"Na kazi zako unafanya saa ngapi?"

"Nikibaki na nguvu." Akajaribu kucheka. "Yeye si kama mimi. Nikimwandikia inabidi nifikirie kama yeye. Elivina hakosei hesabu kwa haraka, anakosea akiwa na uhakika sana. Basi na mimi nakosea hivyo hivyo, mbili tatu, ili kivuli kisishtuke. Saa nyingine mwalimu nikigeukia za kwangu sikumbuki mimi huwa nafikirije."

Loo! Skolastika alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, na mtoto hajawahi kumwambia neno la kutisha kama hilo.

"Utaacha leo," alisema.

"Ijumaa je?" Zawena aliuliza. "Wadogo zangu wawili wako kidato cha kwanza. Tulitoka Pwani tukiwa saba, tumebaki sisi watatu na bibi. Tukigawanywa bibi atabaki na nani?"

*

"Ijumaa moja tu," alisema Mwalimu Mkuu Masinga ofisini. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa waya kwa sababu mshahara wake uliishia kwenye uji wa watoto. "Moja tu, dada Skola. Tukivuka keshokutwa, hesabu ya mihula mitatu inaanza upya. Tunapata pumzi ya mwaka mzima. Hapo tutamfuta jina kwa heshima zote, tutafanya hata ibada."

"Zawena anaisha, Mkuu. Ametoka hamsini na tatu. Angejiandikia yeye mwenyewe..."

"Angepanda, najua. Wote wangepanda. Wametumia akili zao nzuri kwa marehemu. Lakini kivuli hakijifunzi kwa siku mbili! Tumeshachelewa. Niambie njia nyingine nami nitapiga magoti hapa hapa niifuate."

Skolastika alitafuta njia nyingine. Alitafuta siku nzima ya Alhamisi. Aliwakalisha watoto wenye alama za hamsini hamsini, akawabana kwa mazoezi mpaka wakalia. Alihesabu upya mara nane. Aliandika barua kwa wakubwa wa elimu, na barua ikajibiwa hapo hapo na mashine kwamba imepokelewa na itashughulikiwa ndani ya siku tisini. Siku tisini! Mwishowe alivua viatu vyenye kisigino akaenda kwenye mashamba ya paneli, akamtafuta Mama Elivina kati ya vioo, jua likimchoma usoni kutoka juu na kutoka chini.

Alimweleza yote. Hakuficha hata moja, wala ubaya wake mwenyewe.

"Kesho nitamwita jina kwa mara ya mwisho," alimaliza. "Nakuomba ruhusa, mama. Ukikataa nitaelewa."

Mama Elivina aliendelea kufuta. Alifuta paneli nzima mpaka kona, akakung'uta kitambaa.

"Huyo Zawena alikuwa anakula kwangu kila Jumapili," alisema. "Nitakuja kesho. Nikae pale alipokaa mwanangu."

*

Ijumaa asubuhi bwalo lilijaa mapema. Siku hiyo hakuna aliyechelewa kwenye paneli. Mama Elivina alikuwa amekaa dawati la tatu karibu na Zawena, khanga mbili, viatu vimefutwa. Ukuta ulionesha wastani wa kabla ya mtihani: arobaini na tano nukta mbili. Robo saa ilibaki.

Mkuu alimsogelea Skolastika akampa kishikwambi cha mahudhurio. Uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza mwaka huo. "Nimeshaingiza na muhula ujao, usihangaike," alimnong'oneza. "Tuwe tumejipanga."

Skolastika akatupa jicho. Muhula ujao. Orodha ya wanafunzi sabini na mmoja. Elivina Ndahani alikuwepo, amepandishwa kuwa kiranja wa taaluma. Pembeni ya jina lake, kwa maneno ya mkuu mwenyewe: *Msaidizi: Zawena Shebughe. Aondolewe kazi nyingine.*

"Ulisema moja tu," alimwambia.

"Dada, na mwaka kesho tukianguka je? Fikiria watoto."

Alianza kuita majina. Waliitikia mmoja mmoja, yupo, yupo, wadogo zake Zawena wakiitikia kwa pamoja. Akafika.

"Elivina Ndahani."

Zawena alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, akatikisa kichwa, akamgeukia mama wa rafiki yake kama anayeomba msamaha. Watoto sabini walimtazama yule mama, na walichokuwa wanamwomba kwa macho kilijulikana.

Mama Elivina aliwatazama wote. Kisha akashika ukingo wa dawati, akasema, "Yupo, mwalimu."

Ilitoka kwa tabu, kama mtu anayeinua kitu kizito kuliko mwili wake. Sikio likalia mlio wake mdogo wa kukubali. Mkuu akafumba macho akashukuru. Na Zawena, maskini, bila kuambiwa na mtu, akafuta machozi kwa kiganja, akavuta kishikwambi cha Elivina, akaanza kuandika kazi ya siku.

Skolastika aliangalia kile kidole kikitembea. Alijaribu kutamka jina linalofuata. Aliliona limeandikwa, alijua kulisoma, na halikutamkika.

"Zawena," alisema. "Weka chini."

"Mwalimu, bado dakika..."

"Weka chini, mwanangu." Kisha akainua uso kuelekea darini, akasema polepole ili mashine isikosee: "Rekebisha mahudhurio. Elivina Ndahani amefariki dunia. Tulimzika siku arobaini na nane zilizopita. Mimi mwalimu wa taaluma nilijua, nikanyamaza."

"Skola!" mkuu alipiga kelele. "Skola, usi..."

Sikio lililia mlio mwingine. Jina la kwanza likatoweka kwenye orodha na mengine yote yakapanda nafasi moja. Saa tatu ikagonga. Mtahini akafanya kazi yake kwa muda wa pumzi moja, na ukutani ikatokea namba: arobaini na nne nukta tano.

Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akauliza kwa sauti nyembamba, "Ndiyo tumefutwa?" na hapo bwalo likapasuka. Watoto walikimbiliana, ndugu wakashikana mashati. Wasichana wawili waliotemwa na shule za mjini walikaa tu wanatazama mbele, maana wao walishaijua siku hiyo inavyokuwa.

Mkuu alimfuata Skolastika mpaka karibu. "Umewatoa kafara watoto sabini kwa ajili ya mmoja aliyekwisha kufa."

"Walikuwa wawili, Mkuu," alisema. "Huyu mwingine tulikuwa tunamzika taratibu." Halafu akalia, kwa sauti, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu alijua mkuu hakukosea, na yeye pia hakukosea, na hilo halikumsaidia mtoto hata mmoja aliyekuwa mle ndani.

Mama Elivina naye alikuwa analia, kilio kikubwa cha matanga ambacho hakuwa amekilia siku ya kuzika. Wanawake waliopita nje na vitambaa vyao vya paneli walikisikia, wakaweka chini vyombo, wakaingia. Walimzunguka wakamshika.

Mashine hazingoji mtu amalize kulia. Baada ya dakika kumi ukuta ukaanza kusoma majina na vituo kwa ile sauti yake ya upole. Kila aliyetajwa alisimama akasikiliza anapelekwa wapi, na wenzake wakarudia jina la mahali ili asilisahau. Wa kwanza alipelekwa Kigoma. Nduguye, Tanga.

Walipofika herufi ya S, wadogo zake Zawena wakasimama, mkono kwa mkono. Mmoja Rukwa, mmoja Mtwara. Ukuta ukataja Zawena Shebughe, Kituo cha Mikono cha Kaskazini.

Zawena hakusimama. Alikuwa amelala juu ya dawati, shavu kwenye kiganja, mdomo wazi, usingizi mzito wa mtu aliyefanya kazi ya watu wawili kwa wiki sita. Mdogo wake alinyoosha mkono kumtikisa.

Mwalimu Skolastika alimzuia. Aliwaashiria wote wapunguze sauti, akavua koti lake akamfunika mabegani. Ukuta ulirudia jina mara ya pili, na mara ya tatu, na wao wakauacha urudie.